Dimensia: Mlezi wa Mzee Naye Anahitaji Kuulizwa Hali

KIBAMBA, DAR ES SALAAM

Kabla ya saa kumi na moja alfajiri, vituo vya daladala vya Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, huwa vimekwishapata abiria wa kwanza. Ni watumishi, wafanyabiashara na vibarua wanaowahi Ubungo, Kariakoo na Posta. Nyuma yao, katika nyumba zilizojengwa juu ya vilima na mabondeni, hubaki mfanyakazi mwingine asiyehesabiwa na yeyote. Huyu zamu yake haikuanza alfajiri. Amekesha na mama mzazi au baba mkwe aliyeamka mara nne usiku, akafungua mlango, akadai arudishwe nyumbani ilhali yuko nyumbani, akauliza habari za ndugu aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Hali hiyo katika jamii huitwa "uzee", "kuchanganyikiwa" au "kurudi utotoni". Kitaalamu inaweza kuwa dimensia, yaani mkusanyiko wa dalili zitokanazo na magonjwa yanayoharibu ubongo na kumwondolea mtu hatua kwa hatua kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, kuzungumza, kutambua watu na mahali, na hatimaye kujihudumia mwenyewe. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu, ukichangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote duniani. Hufuatiwa na vyanzo vingine, vikiwemo madhara ya mishipa ya damu ya ubongo kwa watu wenye shinikizo la damu, kisukari au waliopata kiharusi.

Mjadala kuhusu ugonjwa huu kwa kawaida humhusu mzee. Uchambuzi huu unamtazama anayemhudumia, kwa kuwa afya yake ndiyo inayoamua mzee atakula nini, ataoga lini, atameza dawa au hatameza, na kama ataishi kwa heshima au kwa kufungiwa chumbani.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya wapatao milioni 10. Gharama za ugonjwa huo kwa mwaka 2019 zilikadiriwa kufikia dola za Marekani trilioni 1.3, na takribani nusu yake ni thamani ya kazi inayofanywa na ndugu na marafiki bila malipo. Kwa wastani, mlezi wa aina hiyo hutumia saa tano kwa siku kumhudumia na kumwangalia mgonjwa. Asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake.

Kwa Tanzania, ushahidi unaofahamika zaidi unatoka wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Utafiti uliofanyika huko kwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea ulibaini wagonjwa 78 wa dimensia. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, kiwango hicho kilikuwa asilimia 6.4. Kwa lugha nyepesi, katika kila wazee 100 wa umri huo, sita au zaidi walikuwa na ugonjwa ambao familia nyingi ziliuchukulia kuwa sehemu ya kawaida ya kuzeeka.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao takribani milioni 3.5, sawa na asilimia 5.7, walikuwa na umri wa miaka 60 na kuendelea. Sehemu hiyo inaonekana ndogo ikilinganishwa na nchi za Ulaya au Japani, lakini idadi yake inaongezeka kadiri huduma za afya zinavyoboreka na watu wanavyoishi miaka mingi zaidi. Umri ndio kichocheo kikubwa cha dimensia. Kwa hiyo, mafanikio ya taifa katika kurefusha maisha yanakuja na wajibu mpya wa kuyatunza maisha hayo yakiwa marefu.

Kwa nini viunga vya jiji

Kibamba ni sehemu ya Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni kama Kigamboni ilivyomegwa kutoka Temeke. Sababu ya mgawanyo huo ni moja: jiji limepanuka kuelekea pembezoni. Mkoa wa Dar es Salaam, uliokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, umewasukuma wakazi wake kutafuta viwanja Mbezi, Kibamba, Kwembe, Chanika na Mbagala. Aliyejenga huko akatulia ndiye ambaye ndugu humtazama mzazi anapoanza kudhoofika kijijini. Ana nyumba, ana uwanja, na hospitali iko karibu. Mzee analetwa.

Uamuzi huo hufanywa kwa upendo, lakini una athari ambayo familia nyingi hazitarajii. Mgonjwa wa dimensia hutegemea mazoea kuliko kumbukumbu. Kijijini miguu yake ilijua njia ya kisimani, ya shambani na ya nyumba ya ibada hata pale akili ilipokuwa imechoka. Akihamishiwa mahali asipojua mti wala jirani, mara nyingi dalili zilizokuwa zimejificha hujitokeza kwa nguvu. Hutoka nje akitafuta kwao. Kwa mkazi wa Kibamba, kutoka nje kunaweza kumfikisha mzee kwenye barabara kuu ya njia nane iliyopanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha.

Kijijini pia jicho la kumwangalia mzee lilikuwa la wengi. Katika viunga vya jiji, mume na mke huondoka usiku na kurejea usiku, na watoto wako shuleni. Wanaobaki ni binti ambaye hajaolewa, mkwe aliyefunga genge lake, au dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua, ambaye sasa anatakiwa kumvalisha, kumwogesha na kumtuliza mtu mzima asiyemfahamu, bila mafunzo na bila nyongeza ya mshahara.

Mzigo unavyogeuka ugonjwa

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu anayefika Jumapili na matunda humkuta mzee amevaa vizuri, anacheka na kusimulia habari za ujana wake kwa ufasaha, kwa sababu kumbukumbu za zamani ndizo huchelewa kupotea. Anaondoka akiamini hali si mbaya kama inavyosemwa. Hakuona usiku wala vita vya kuoga, na hakuona chakula kilichotemwa.

Mara nyingine huondoka na shutuma. Miongoni mwa dalili za dimensia ni mgonjwa kusahau alipoweka fedha au kitenge chake na kuamini kuwa ameibiwa, au kusahau kwamba amekula na kumwambia mgeni kuwa ananyimwa chakula. Anayetajwa ni yule aliye karibu, yaani mlezi mwenyewe. Mkwe aliyeacha biashara ili amtunze mama wa mumewe hujikuta akihojiwa na mawifi kuhusu wizi ambao haukutokea. Familia isiyojua kuwa tuhuma hizo ni ugonjwa hugawanyika, na ndoa huyumba.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonesha kwamba walezi wa watu wenye dimensia hupata sonona kwa kiwango kikubwa kuliko watu wa rika lao wasio na jukumu hilo. Zimeonesha pia kwamba kinachowaelemea zaidi ni mabadiliko ya tabia kuliko usahaulifu wenyewe: kukesha, kutangatanga, hasira, kushuku na kukataa kuhudumiwa. Uzito huongezeka pale mlezi anapokuwa peke yake, anapokosa kipato, anapoishi nyumba moja na mgonjwa, na anapokuwa na maradhi yake ambayo hana muda wa kuyatibu.

Lipo pia jeraha lisilo na jina rahisi. Binti anamwogesha mama ambaye hamtambui tena, na humwita "dada" au "wewe msichana". Amempoteza mama, lakini hana matanga, hana wa kumpa pole, na kesho asubuhi anatakiwa kumkoroga uji. Huzuni ya namna hiyo haina siku ya arobaini. Huambatana na hatia, kwa sababu mlezi aliyechoka hufika mahali akatamani yote yaishe, kisha akajilaumu kwa kutamani hivyo.

Sonona si uchovu wa kawaida wala udhaifu wa imani. Dalili zake ni huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kwa muda mwingi wa siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi na hamu ya kula, kukosa nguvu, kushindwa kuzingatia jambo, kujiona hafai na, kwa baadhi, mawazo ya kujidhuru. Ni ugonjwa unaotibika. Usipotibiwa, humwathiri pia mzee. Mlezi aliyeelemewa ndiye hupaza sauti, hufunga mlango kwa kufuli, humfunga mgonjwa kwa kamba "asipotee", au hununua vidonge vya usingizi dukani bila ushauri wa daktari. Dawa za kutuliza zikitumiwa kiholela kwa mzee mwenye dimensia huweza kumletea kuanguka, kiharusi na hata kifo. Ukatili mwingi wa namna hii ndani ya kaya huanzia kwenye kuchoka kwa mtu ambaye hakuna aliyempokea zamu.

Sera ipo, huduma zipo, mlezi hayumo

Tanzania haianzii sifuri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee kupata matunzo na matibabu, na ikaweka wazi kuwa familia itabaki kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Utekelezaji wake ulizaa vitambulisho vya matibabu, madirisha ya wazee katika vituo vya huduma na kaulimbiu ya kumpisha mzee apate huduma kwanza. Mabaraza ya wazee yameundwa kuanzia ngazi ya chini. Kwa wazee wasio na ndugu, Serikali inaendesha makazi, yakiwemo ya Nunge yaliyopo Kigamboni. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Kwa wakazi wa Kibamba, Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, iliyozinduliwa Novemba 2017 katika Kata ya Kwembe, imesogeza huduma za kibingwa ambazo awali zilihitaji safari ya Upanga.

Hata hivyo, sera hiyo iliyoiweka familia kuwa msingi wa matunzo inaacha swali moja: msingi huo nao unaimarishwa na nani? Mzee akifika kwenye dirisha lake, hupimwa shinikizo la damu na huandikiwa dawa. Aliyemshika mkono huulizwa kitambulisho cha mzee, jina na mtaa. Ni nadra kuulizwa amelala saa ngapi jana. Katika kumbukumbu za kituo, yeye si mgonjwa wala si mtoa huduma.

Sheria za kazi zinaonesha pengo hilohilo. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama kilivyotungwa, kilimpa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku nne mtoto wake anapougua au kufariki, na vilevile anapofiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Kwa mzazi, kilichotajwa ni kifo. Mtoto alipewa siku za kumzika mama yake, lakini si siku za kumuuguza. Kwa wengi walio katika sekta isiyo rasmi hata likizo hiyo haipo, kwa kuwa kufunga genge siku moja ni kulala bila mauzo.

Zanzibar ilianzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi shilingi 50,000. Fedha hizo haziwezi kumlipa mlezi, lakini humfanya mzee kuwa mtu anayeingiza chochote ndani ya nyumba, na zinaweza kununua sabuni na nepi za watu wazima ambazo ni gharama ya kila siku isiyo na bima. Tanzania Bara ina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, unaolenga kaya zenye umaskini uliokithiri. Kaya ya Kibamba yenye nyumba ya tofali, lakini iliyopoteza kipato kwa sababu ya ulezi, si rahisi kuonekana katika vigezo hivyo.

Kinachowezekana bila kusubiri

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Januari 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaolenga kuwafikia na kuwatumia wahudumu 137,294 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano. Mhudumu anayepita kwenye kaya kuuliza habari za lishe, chanjo na kifua kikuu anaweza pia kumuuliza mlezi wa mzee maswali machache kuhusu usingizi, huzuni na msaada anaoupata. Vipimo vya mzigo wa ulezi vipo na vimetumika kwa miongo kadhaa. Kinachojulikana zaidi, cha Zarit, kina maswali 22 na kina matoleo mafupi. Mwongozo wa WHO wa kutibu magonjwa ya akili katika vituo visivyo na mabingwa nao unamtaka mtoa huduma anayemtibu mgonjwa wa dimensia kuangalia pia hali ya mlezi wake.

Hai imekwishaonesha kwamba tiba zisizo za dawa zinawezekana katika mazingira ya Tanzania. Tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, yenye vipindi 14 ndani ya wiki saba, ilitolewa kwa wazee wenye dimensia na uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka ukaimarika. Utaratibu kama huo ukifanyika katika zahanati au ofisi ya kata, mzee hupata saa za shughuli na mlezi hupata saa za kupumua. Mabaraza ya wazee na maafisa ustawi wa jamii wana nafasi ya kuusimamia.

Hatua ya pili ni ya familia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikao cha ukoo kinachokaa kupanga mchango wa harusi kinaweza kukaa kupanga zamu ya ulezi: nani atakuwa na mzee siku zipi, asiyeweza kutoa muda atatoa kiasi gani cha fedha na tarehe ngapi, na mlezi mkuu atapumzika lini. Ahadi ya "tutasaidiana" isiyo na siku wala kiasi humwachia kazi yuleyule. Dada wa kazi akipewa jukumu la mzee, alipwe kwa jukumu hilo na afundishwe.

Wataalamu hushauri mambo ambayo hupunguza mivutano ya kila siku: ratiba isiyobadilika ya kula, kuoga na kulala, kuacha kubishana na mgonjwa na badala yake kumgeuzia mazungumzo, taa hafifu usiku, kuondoa vitu vya kukwaa, na kumshonea kwenye nguo namba ya simu ya nyumbani. Mjumbe wa shina, majirani na waendesha bodaboda wa kijiweni wakijulishwa mapema, mzee aliyetoka hurejeshwa kabla hajafika barabarani.

Hatua ya tatu ni kumpeleka mzee hospitali mapema. Si kila usahaulifu ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi dundumio, maambukizi, sonona ya uzeeni, madhara ya dawa na damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka vinaweza kufanana nayo, na baadhi hutibika. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni dharura. Kinga nayo ipo: jopo la wataalamu lililochapisha tathmini yake katika jarida la The Lancet mwaka 2024 lilieleza kuwa takribani asilimia 45 ya wagonjwa wa dimensia duniani wanahusishwa na visababishi vinavyoweza kudhibitiwa, vikiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upweke na upotevu wa usikivu usiotibiwa.

Kumtambua mgonjwa pia huondoa hatari nyingine. Mzee anayezungumza peke yake usiku au anayekutwa nje ya nyumba ya jirani bila kujieleza amewahi, katika baadhi ya maeneo ya nchi, kudhaniwa mchawi, na dhana hiyo imegharimu maisha. Jina sahihi la ugonjwa, likitamkwa na mganga wa zahanati mbele ya familia, ni ulinzi kwa mzee na ni pumziko kwa mlezi aliyekuwa akishutumiwa.

Mlezi anayejiona amefikia dalili za sonona zilizotajwa hapo juu anashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kueleza hali yake mwenyewe kabla ya kueleza ya mzee. Ushauri wa afya hupatikana pia bila malipo kwa simu namba 199 ya Wizara ya Afya. Mwenye mawazo ya kujidhuru asibaki peke yake; apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na ndugu atakayefika Kibamba Jumapili ijayo, baada ya kumsalimia mzee, abaki naye hadi jioni ili mlezi apate kulala.